Wanyama wa sakafu ya bahari ya barafu "wamepotea" kwenye picha: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Hapa Ng'ong'ona, Dodoma, ukitaka bahari unapanda gari kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 450. Hata hivyo mezani kwetu kuna diski nne zilizojaa picha za chini ya bahari ya Antaktika na Aktiki, na vijana watano wanaozisoma moja moja: sponji wangapi, viti vya pweza wangapi, majongoo bahari wangapi. Meli hatuna na hatuihitaji. Tunahitaji macho, kompyuta, umeme usiokatika katikati ya faili, na uvumilivu wa kuhesabu upya ulichokwisha kuhesabu.

Mwongozo huu umetokana na ujumbe ninaoupokea kila wiki, kutoka kwa vijana wangu na kwa wengine wanaoanza kazi hii. Nyingi huanza hivi: "Shikamoo mwalimu, kuna kitu kimetokea huko chini." Tukichunguza, mara nyingi kitu kimetokea hapa juu, kwenye kipimo, kwenye saa au kwenye jicho la msomaji. Kwa kila dalili nimeanza na chanzo ninachokutana nacho zaidi, na cha nadra nimekiweka mwisho. Fuata mpangilio huo. Anayerukia chanzo cha mwisho kwa sababu kinasisimua hupoteza siku mbili bure.

Dalili: hesabu imeshuka ghafla

Hii ndiyo inayoleta kelele kuliko zote. Mwaka jana kijana mmoja alinipigia saa nne usiku: "Mwalimu, wamekufa wote!" Mstari wa picha, yaani picha zinazofuatana za safari moja ya kamera, uliokuwa na viti vya pweza 12 hivi kwa kila mita ya mraba ulikuwa umebaki na watatu. Hakuna aliyekufa. Kamera ilikuwa imeshuka.

*Chanzo cha kwanza: urefu wa kamera kutoka sakafuni.* Kamera hizi huburutwa na meli kwa waya mrefu, na hulengwa ikae kama mita moja na nusu juu ya tope. Bahari ikichafuka, meli hupanda na kushuka, na kamera nayo. Kamera ikisogea mara mbili karibu zaidi, upana wa picha unapungua nusu na urefu wake nusu, kwa hiyo eneo linalobaki ni robo. Ukiendelea kugawa hesabu yako kwa eneo lile la zamani, wanyama 12 wanakuwa watatu bila hata mmoja kuondoka. Kamera ikipanda, kosa linageuka upande wa pili, na hapo watu hushangilia badala ya kulia.

Kagua hivi. Tafuta nukta za leza kwenye picha. Kamera nyingi za aina hii hubeba leza mbili au tatu zilizofungwa kwa umbali usiobadilika, kwa mfano sentimita 50 kati ya nukta na nukta. Pima umbali huo kwa pikseli kwenye picha kumi, tano za mwanzo wa mstari na tano za mwisho. Namba zikitofautiana sana, usitumie eneo moja kwa mstari mzima. Kokotoa eneo la kila picha kivyake. Ni kazi ya kuchosha, najua. Hakuna njia ya mkato niliyoiona ikifaa.

Nukta zisipoonekana kabisa? Angalia kwanza kama hujafungua nakala ndogo ya picha. Kisha angalia kama zimeangukia juu ya sponji mweupe, maana juu ya mwili mweupe nukta nyekundu humezwa na mwanga wa taa. Zikikosekana kwenye mstari wote, huenda leza hazikuwashwa siku ile. Mstari huo utakueleza nani yupo na nani hayupo, lakini usiutolee idadi kwa mita ya mraba. Kukisia kwa kutumia ukubwa wa mnyama unayemfahamu ni kishawishi kikubwa. Kiache.

*Chanzo cha pili: picha imepunguzwa.* Mtu amebana bando lake, akatuma picha kwa simu kupitia programu ya ujumbe. Programu hizo hupunguza ukubwa wa picha na mara nyingi hufuta saa na mahali ilipopigwa. Ukiitazama kwa macho inapendeza, ila mnyama wa sentimita mbili amegeuka doa. Linganisha ukubwa wa faili lako na lile la asili. Likiwa kilobaiti mia tatu na asili ni megabaiti kadhaa, umepata jibu. Sisi diski husafiri kwa basi au kwa treni, mkononi mwa mtu, na sijaona aibu yoyote katika hilo.

*Chanzo cha tatu: msomaji.* Jua la Dodoma likiingia dirishani saa nane mchana, kioo cha kompyuta kinakuwa kama bati jipya. Wanyama wa rangi ya tope ndio wa kwanza kutoweka. Halafu kuna uchovu. Panga hesabu kwa saa zilipofanyika badala ya namba za picha. Ukiona mteremko kuelekea jioni, tatizo ni la binadamu. Tiba yetu ni hii: picha moja katika kila kumi husomwa na mtu wa pili asiyejua wa kwanza aliandika nini. Wakipishana sana, wote wawili wanakaa pamoja na kukubaliana nini kinahesabiwa, ndipo wanaanza upya.

*Chanzo cha nne: tope au vumbi la mimea juu ya sakafu.* Baada ya mimea midogo ya baharini kuongezeka kwa wingi wakati wa kiangazi cha ncha za dunia, masalia yake hushuka na kutanda chini kama unga wa kijani. Viti vya pweza wembamba, wale wa mikono mirefu tunaowaita ofiura, hubaki wamefukiwa nusu. Hapo hesabu diski ya katikati, yaani kiwiliwili chake cha duara, tu unapoiona. Ncha ya mkono peke yake isipewe namba. Andika pia kwenye safu ya maelezo kwamba sakafu ilikuwa imefunikwa, maana chakula hicho hicho huweza kuwaleta majongoo bahari wengi, na mtu atakayesoma jedwali lako baadaye atataka kujua.

*Chanzo cha mwisho: wamepungua kweli.* Inatokea. Milima ya barafu inayoelea hukwangua sakafu na kuacha mtaro usio na kitu. Karibu na kituo cha Waingereza cha Rothera, wapiga mbizi wamekuwa wakipanga vitofali vya saruji chini ya bahari na kurudi kuvihesabu, ili kujua ni vingapi vimesagwa na barafu. Kwenye picha, mkwaruzo wa barafu una dalili zake: kingo zilizonyanyuka, tope lililogeuzwa, vipande vya sponji vilivyovunjika. Kushuka kwa hesabu bila dalili hata moja kati ya hizo kunakurudisha kwenye leza.

Dalili: hesabu imepanda ghafla

Kwa ufupi, kwa kuwa vyanzo ni vilevile vikiwa vimegeuzwa. Anza na picha zinazopandana: meli ikipunguza mwendo, kamera inayopiga kila baada ya sekunde kadhaa itakupa mnyama yuleyule mara mbili au tatu. Fungua picha mbili zinazofuatana na utafute jiwe moja lenye umbo la pekee. Likiwa kwenye zote mbili, ruka picha moja. Kisha angalia urefu wa kamera. Mwisho, muulize msomaji kama alianza kuhesabu mikono badala ya diski. Usicheke, imetokea kwetu mara mbili.

Dalili: picha ni za kijani au buluu, au zina ukungu

Maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine. Watu husahau kwamba mwanga wa taa unasafiri kwenda chini na kurudi: kamera ikiwa mita tatu juu ya sakafu, mwanga umepita mita sita za maji. Kwa hiyo picha ya kijani, mara nyingi, inakuambia tu kwamba kamera ilikuwa juu mno. Linganisha na leza. Rekebisha rangi kwenye nakala, kamwe si kwenye faili la asili, na urekebishe mstari mzima kwa kiwango kimoja. Ukirekebisha kila picha kwa jinsi inavyokupendeza, utamfanya kiti cha pweza mwekundu aonekane wa machungwa kwenye picha moja na wa kahawia kwenye ifuatayo, na msomaji wa tatu atawahesabu kama aina tatu.

Ukungu wenye nukta nyeupe zinazong'aa ni chembechembe ndani ya maji zinazorudisha mwanga wa taa. Ukungu unaoanza upande mmoja wa picha na kusambaa ni tope lililotimuliwa na kamera au uzito wake kugusa chini. Picha tano au kumi zinazofuata zitasafika zenyewe. Ukungu usioondoka toka picha ya kwanza hadi ya mwisho uko kwenye kioo cha kamera. Hapo hatuna la kufanya sisi wa huku. Waandikie wenye kamera na uweke mstari huo pembeni.

Dalili: kipimajoto kinasoma chini ya sifuri

Ujumbe huu huja kwa wingi kutoka kwa wageni, na siwalaumu. Mtu aliyekulia Chamwino au Kongwa, maji kwake yakifika sifuri yameganda. Akiona kipimo cha nyuzi −1.8 anadhani mashine imeharibika, anakifuta. Kijana mmoja aliwahi kuandika amri fupi ya kuondoa kila namba hasi kwenye safu ya joto. Ilifanya kazi vizuri sana: ikafuta msimu mzima.

Maji ya bahari yana chumvi, na kwa uchumvi wa kawaida huganda karibu na nyuzi −1.9. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Antaktika wanyama hawa wanaishi mwaka mzima kwenye maji yaliyo chini ya sifuri yetu, na wanastawi. Namba kati ya −1.9 na 0 ni habari njema ya kwamba kifaa kinafanya kazi. Karibu na barafu kubwa zinazoelea, maji huweza hata kupoa chini kidogo ya kiwango cha kuganda, lakini ni kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja.

Shuku hivi: namba ya −3 au −5 kutoka sakafuni ni kifaa, wala usiihangaikie. Namba isiyobadilika hata desimali moja kwa saa nyingi ni kifaa. Namba kama −18 ni desimali iliyopotea. Jedwali likitoka Ujerumani, kwa mfano, huandikwa −1,8 kwa mkato, na programu yako iliyopangwa kwa nukta husoma vingine. Rekebisha mpangilio wa lugha ya programu kisha ufungue faili upya. Usipite safu nzima ukibadilisha kwa mkono.

Dalili: kituo kimehama

Umeweka vituo kwenye ramani, na kituo cha McMurdo, kilichoko Antaktika, kimeruka hadi Bahari ya Aktiki, kaskazini mwa Siberia. Umepoteza alama ya kutoa. McMurdo iko latitudo −77.85, ukiondoa alama hiyo umeivusha dunia nzima. Jaribu kwa nyumbani ili kosa likukae kichwani: Dodoma ni −6.17, 35.74. Futa alama ya kutoa, na mji mkuu wetu unahamia kusini magharibi mwa Ethiopia. Chanzo cha pili ni latitudo na longitudo kubadilishana safu. Hili programu huligundua yenyewe ikiwa longitudo inazidi 90, kwa kuwa latitudo ya 166, ambayo ni longitudo ya McMurdo, haipo. Kwenye vituo vya kati ya Svalbard na Greenland, ambako longitudo ni ndogo, haitagundua. Huko kuna kituo cha Wajerumani cha HAUSGARTEN kilichoanza 1999, na picha zake zimepita kwenye meza nyingi, kwa hiyo kosa hili utakutana nalo.

Kituo kikihama kilomita chache tu, chunguza saa. Picha huandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Meli inayoburuta kamera kwa mwendo wa nusu noti (kipimo cha mwendo wa meli) husogea karibu mita 926 kwa saa, kwa hiyo kosa la saa tatu ni kosa la kilomita karibu 2.8, umbali unaoweza kukutoa kwenye mteremko wa mawe na kukuweka kwenye bonde la tope.

Sasa hapa kuna mtego wetu sisi waswahili peke yetu. Saa tatu asubuhi ya Dodoma ni 09:00 kwenye kompyuta, na ni 06:00 UTC. Asiyebadilisha chochote anaandika 09:00, amekosea saa tatu mbele. Anayeandika daftari kwa kutazama saa ya ukutani na kufikiri Kiswahili anaandika 03:00, amekosea saa tatu nyuma. Watu hao wawili wakigawana zamu, mstari mmoja unapasuka vipande viwili vilivyoachana kwa saa sita. Tulihangaika nalo wiki nzima. Siku hizi kuna saa ya pili ukutani, imeandikwa UTC kwa kalamu nene, na hakuna anayeruhusiwa kubadili saa kwa kichwa.

Dalili: aina mpya imetokea, au aina ya zamani imepotea

Kwanza, tahajia. Ophionotus victoriae, ofiura wa Antaktika, ikiandikwa kwa herufi moja pungufu, programu inaiona kama mnyama mwingine. Panga safu ya majina kwa alfabeti uone vinavyofanana. Pili, jina limebadilishwa na wataalamu: tafuta kwenye WoRMS, rejista ya majina ya viumbe wa baharini, na kwenye jedwali lako hifadhi AphiaID, namba ambayo rejista hiyo hulipa kila jina, pamoja na jina, maana majina hubadilika na namba hukuongoza kwenye jina linalokubalika sasa. Tatu, wasomaji wawili wanatumia uelewa tofauti. Asidia na sponji huchanganywa sana: asidia ana matundu mawili, ya kuingiza na kutoa maji, na uso wake huonekana kama mfuko laini. Usipoyaona, andika "sponji au asidia" na uendelee. Jibu la jumla lililo sahihi lina faida kuliko jina la Kilatini la kubahatisha.

Acha kabisa kutaja spishi kwa picha peke yake pale ambapo wataalamu wenyewe hutumia hadubini au vinasaba. Promachocrinus, mnyama wa Antaktika mwenye mikono ishirini kama manyoya ya ndege, alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa spishi moja. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwa vinasaba na maumbo kwamba ni kundi la spishi kadhaa. Wewe na mimi kwenye laptopu hatutawatenganisha. Mpigie mtaalamu wa kundi hilo, mtumie picha ya asili, leza ikionekana, na kina cha maji. Usimwulize "huyu ni nani?" Mwulize "naweza kufika ngazi gani kwa picha hii?"

Dalili: diski inagonga, au faili halifunguki

Diski ikitoa mlio wa tiki-tiki, chomoa. Simama hapo. Usiifungue kwa bisibisi, usiijaribu kwenye kompyuta ya jirani "tuone tu", usiiweke kwenye friji kama ulivyosikia. Kila jaribio linakwangua zaidi. Mpelekee fundi wa kurejesha data, na kama nakala ipo kwa wenye picha, omba nakala; ni nafuu. Faili moja moja yasiyofunguka baada ya umeme kukatika ni jambo jepesi: linganisha na asili, nakili upya. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isifanye kazi hii, na stabilaiza inayonukia kuungua ni ya fundi umeme, si ya mwanabiolojia.

Chupa za mafunzo zenye wanyama waliohifadhiwa nazo zina shida yake: kwa joto letu spiriti hupungua chini ya kifuniko. Ongeza spiriti ileile, mbali na moto. Chupa iliyoandikwa formalini, au isiyoandikwa kitu, usiifungue chumbani. Mwite mtu wa maabara.

Dalili: umekagua yote, na hesabu bado imebadilika

Hapa ndipo vijana makini hukosea kuliko wazembe. Amezoea kugundua makosa, basi anaendelea "kusahihisha" hadi namba zirudi kama za zamani. Usifanye hivyo. Sakafu ya bahari ya barafu hukaa kimya miaka mingi, kisha ikabadilika kwa haraka ambayo hakuna aliyeitarajia. Mmarekani Paul Dayton, mwanabiolojia wa bahari, alianza kupiga mbizi McMurdo miaka ya 1960. Kwa muda mrefu sponji wa kioo, wale ambao mifupa yao ni kama nyuzi za kioo, hawakuonekana kuota kwenye vifaa vilivyoachwa chini, na vilipotazamwa tena miaka ya 2000 na 2010 vilikuwa na sponji. Upande wa pili wa bara, Larsen A, tabaka kubwa la barafu linaloelea, ilivunjika 1995. Meli ya utafiti ya Wajerumani, Polarstern, ilipita hapo 2007 na 2011, na katika miaka hiyo minne idadi ya sponji wa kioo iliongezeka mara tatu. Msomaji wa picha mwenye mazoea angeapa kuwa ni leza.

Kwa hiyo funga jedwali lisihaririwe. Andika kwenye karatasi moja ulichokagua: leza, ukubwa wa faili, msomaji wa pili, saa, majina. Toa picha ishirini kwa kura, kumi za mwaka wa zamani na kumi za sasa, futa tarehe, mpe mtu ambaye hajawahi kuziona azihesabu. Akipata tofauti uliyoipata wewe, tuma yote kwa wenye mradi ukiambatanisha karatasi ile, na usiandike neno "vifo" popote. Andika namba ya picha, eneo, idadi. Nakala moja ibaki kabatini.

Yule kijana wa saa nne usiku sasa ndiye msomaji wetu wa pili. Bado hunipigia, ila siku hizi anaanza na namba ya leza.